Taya Lililovunjika: Namna ya Kufanya Utafiti Ukiwa Hospitali ya Mtwara au Lindi

Mwongozo huu ni wa daktari wa meno, tabibu wa kinywa au daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo huku kusini, awe Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au kwenye hospitali ya wilaya. Unawaona vijana wa bodaboda wakiletwa taya limevunjika. Unawafunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wanaondoka, na hujui wangapi walipona vizuri. Kulijua hilo kwa uhakika ndiyo kazi ya utafiti wa kitabibu, na kazi hiyo inawezekana kwa rula, simu, daftari na nidhamu ya mwaka mmoja.

Wapo wanaodhani utafiti wa kinywa, taya na uso ni wa Muhimbili peke yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa mataya kwa watoto wa Afrika. Baadaye alisambaza vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi akiuliza kama ugonjwa huo upo huko. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari wakashuka kusini, hospitali hadi hospitali, wakiuliza swali lile lile. Saratani hiyo leo inabeba jina lake. Alichokuwa nacho ni swali moja lililo wazi, na alilirudia bila kulibadilisha kila alipofika.

Nimechagua taya la chini kwa sababu ni miongoni mwa mifupa ya uso inayovunjika mara nyingi zaidi, matokeo yake hupimika kwa vifaa vya bei ndogo, na mgonjwa aliyefungwa waya ana sababu yake mwenyewe ya kurudi. Hatua hizi hizi zitakufaa ukitafiti jipu la jino lililoshuka shingoni au uvimbe wa taya usiouma.

Hatua ya 1: Bana swali

"Majeraha ya uso mkoani Lindi" ni kichwa cha habari, bado hakijawa swali. Swali lina watu, mahali, muda na kipimo. Kwa mfano: miongoni mwa wagonjwa wa miaka 18 na zaidi wanaotibiwa taya la chini lililovunjika hospitalini hapa kwa miezi 12, ni wangapi ambao meno ya juu na ya chini hayakutani sawasawa wiki 6 baada ya matibabu? Na je, waliochelewa kufika wana shida hiyo zaidi ya waliowahi?

Miezi 12 ina sababu yake. Minada ya korosho ikianza, fedha inaingia vijijini, pikipiki zinaongezeka barabarani na pombe ya mabibo inakuwepo kila kona. Mvua zikishika, barabara za Liwale au Nanyumbu zinakuwa habari nyingine. Ukikusanya taarifa Februari hadi Aprili tu, utakuwa umetafiti msimu mmoja ukaupa jina la mwaka.

Hatua ya 2: Kaa na vitabu kabla ya kuandika chochote

Omba ruhusa kwa mkuu wa idara, kisha pitia rejesta za MTUHA, mfumo wa kukusanya taarifa za huduma za afya, za mwaka uliopita: idara ya dharura, kliniki ya meno, wodi ya upasuaji, chumba cha upasuaji. Kama hospitali inatumia GoT-HoMIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za hospitali, angalia na humo. Unatafuta mambo mawili tu: wagonjwa wa aina hii ni wangapi kwa mwaka, na ni taarifa gani hazijazwi kabisa.

Jiandae kwa fujo. Mmoja ameandika jina la mfupa kwa kirefu, mwingine ameweka alama ya # (yaani mfupa umevunjika), wa tatu ameandika "ajali ya pikipiki" akaacha hapo. Mgonjwa mmoja anaweza kuonekana kwenye vitabu vinne, kwa tarehe nne na tahajia tatu za jina lake. Waoanishe kwa namba ya hospitali. Jina lisaidie tu. Ugonjwa uuandike kwa namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, ili mtu wa mbali akuelewe: S02.6 ni kuvunjika taya la chini, S02.4 ni mfupa wa shavu na taya la juu, S02.2 ni mfupa wa pua.

Jihadhari na sentensi moja tangu sasa. Waliofia barabarani hawamo kwenye vitabu hivi, wala waliopitiliza moja kwa moja Dar es Salaam, wala aliyebaki Tandahimba akanywa uji hadi mfupa ukajiunga wenyewe. Utakachoandika mwishoni ni "miongoni mwa wagonjwa waliofika hospitalini hapa". Usiandike "wakazi wa Mtwara".

Hatua ya 3: Idadi

Kanuni ya kawaida ya kukadiria asilimia, kwa uhakika wa 95% na kosa la 5%, hutoa watu 384 pale usipojua kiwango chochote cha kuanzia. Wengi wanaishia hapo na kukata tamaa. Lakini kama vitabu vimekuonyesha wagonjwa 120 kwa mwaka, idadi hiyo hurekebishwa: 384 gawanya kwa jumla ya 1 na 383/120, unapata kama 92. Ushauri wangu: ukifika hapo chukua wote 120. Kuchagua 92 na kuwaacha 28 hakukuokolei kazi yoyote ya maana, na kunafungua mlango wa kuwaacha wale wasumbufu, ambao ndio mara nyingi wana matokeo mabaya.

Usianze na jaribio la kulinganisha matibabu mawili kwa kura. Linahitaji usimamizi mkubwa, na kama linahusu dawa au kifaa tiba TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inaingia, na lazima lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza. Anza na kufuatilia kundi moja vizuri.

Hatua ya 4: Vibali

Andiko la utafiti hupita kamati ya maadili: ya chuo chako kama upo masomoni, au kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Ukiwa na kibali hicho, unaomba barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, unajulisha ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, kisha Mganga Mfawidhi wa hospitali. Kwa hospitali ya wilaya pita pia kwa Mkurugenzi wa halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Kibali cha NIMR ni cha mwaka mmoja, kinadai taarifa ya maendeleo kila miezi 6, na matokeo yanaombewa ruhusa kabla ya kuchapishwa. Weka tarehe hizo ukutani.

Hesabu miezi ya kusubiri ndani ya ratiba yako. Usikusanye taarifa ya mgonjwa hata mmoja kabla ya kibali, hata kama kesi ni nzuri namna gani.

Hatua ya 5: Fomu

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kosa la uchambuzi unaweza kulirekebisha ukiwa mezani. Jambo ambalo hukuliuliza siku ya kwanza kando ya kitanda halirudi tena.

Fomu iwe ya sehemu tatu fupi: siku ya kufika, kabla ya matibabu, na siku ya kurudi. Kila sehemu isizidi nusu ukurasa, maana atakayeijaza saa nane usiku pengine ni muuguzi mwenye wagonjwa wengine kumi. Unaweza kuiweka kwenye simu kwa KoboToolbox, ambayo hujazwa bila intaneti na kutuma baadaye mtandao ukipatikana.

*Muda.* Andika tarehe na saa ya kuumia, na tarehe na saa ya kufika. Usiandike "siku mbili". Kisha uliza alipita wapi kwanza: zahanati, kituo cha afya, duka la dawa, mganga wa kienyeji. Ucheleweshaji mwingi umejificha kwenye swali hilo.

*Chanzo.* Majeruhi wengi huja na PF3 kutoka polisi, na inashawishi kunakili kilichoandikwa. Usifanye hivyo. Mama aliyepigwa nyumbani anaweza kuwa ameambia polisi aliteleza kisimani, na aliyemsindikiza ni shemeji yake. Mwombe shemeji asubiri nje unapopima mdomo. Ni jambo la kawaida, hakuna atakayeshangaa. Halafu sema kwa sauti ya chini: "Pole sana, mama. Karatasi hii haina jina lako. Ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Usimpe majibu ya kuchagua kabla hajasema lake. Na kabla ya kuanza utafiti wako, ujue utampeleka wapi akisema kweli: afisa ustawi wa jamii wa hospitali na dawati la jinsia na watoto la polisi. Kuuliza jambo hilo bila kuwa na pa kumpeleka si haki.

*Kofia ngumu.* "Ulivaa?" haitoshi. Kofia iliyo wazi usoni hulinda fuvu na kuacha kidevu kitupu, kwa hiyo kwa anayetafiti taya tofauti hiyo ndiyo swali lenyewe. Uliza mambo matatu: ilikuwepo kichwani, ilikuwa na kinga ya kidevu, mkanda ulifungwa? Abiria aulizwe peke yake, majibu ya dereva yasimwakilishe.

*Pombe.* Taja kwa majina. Aliyekunywa uraka, maji ya mabibo yaliyochacha, anaweza kukujibu kwa moyo safi kwamba hakunywa pombe, na aliyekunywa nipa atakuficha kwa sababu ni gongo. "Siku hiyo ulikuwa umepata bia, uraka, nipa au tembo?" huleta majibu kuliko "Ulikuwa umelewa?"

*Meno.* Mwonye msaidizi wako: wapo wazee wa Kimakonde wenye meno yaliyochongwa ujanani. Hayo si meno yaliyovunjika kwenye ajali. Tazama ukingo kama ni laini na wa zamani, na muulize mzee mwenyewe kwa heshima. Mapengo ya zamani nayo yaandikwe, maana bila meno ya kukutana, kipimo chako kikuu kinapoteza maana.

*Ganzi ya mdomo wa chini.* Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini huumia kwenye ajali yenyewe mara nyingi. Gusa mdomo na kidevu kwa pamba, kisha kwa ncha butu, kulia na kushoto, mgonjwa amefumba macho. Andika matokeo *kabla* ya upasuaji. Usipofanya hivyo, wiki ya sita utakuta ganzi na kulaumu pleti, kile kibati cha kushikilia mfupa, au kumlaumu mpasuaji, kwa jambo lililofanywa na lami ya barabara ya Masasi.

*Upana wa mdomo.* Rula ya milimita, kutoka ukingo wa meno mawili ya mbele ya juu hadi ya chini, mgonjwa akiachama kadiri awezavyo. Mtu mzima kwa kawaida hufika kama milimita 40. Chini ya 35 wengi huhesabu kuwa mdomo umebana. Asiye na meno ya mbele pima fizi hadi fizi, uandike kwamba ulipima hivyo.

*Picha.* Andika ni picha ya aina gani iliyotumika kwa kila mgonjwa. Eksirei ya kawaida hukosa mivunjiko mingi ya kichwa cha taya karibu na sikio, ambayo CT ingeiona. Kama nusu ya wagonjwa wako walipigwa eksirei tu, mivunjiko hiyo itaonekana michache kuliko ilivyo, na msomaji ana haki ya kulijua hilo.

Kabla ya kuanza rasmi, wewe na mwenzako mpime wagonjwa kumi wale wale, kila mmoja peke yake bila kuonyeshana. Mkitofautiana kuhusu meno kukutana au kutokutana, rekebisheni maelezo ya fomu. Makubaliano hayo hupimwa kwa kipimo cha kappa, kinachoonyesha mnakubaliana kiasi gani zaidi ya bahati tu, na yaripotiwe.

Hatua ya 6: Ridhaa

Kwanza tiba. Taya likivunjika pande zote mbili mbele, ulimi unaweza kurudi nyuma na kuziba njia ya hewa, na aliyepigwa usoni huenda ameumia kichwa au shingo. Fomu ikae mfukoni hadi hayo yaishe.

Ridhaa huombwa kwa mtu mwenye akili timamu wakati huo: hajalewa, anajijua, maumivu yametulizwa. Na iombwe kabla ya kufungwa waya, maana baada ya hapo hawezi kukuuliza swali kwa urahisi, na mtu asiyeweza kuuliza hajaridhia. Iandikwe kwa Kiswahili cha mezani, isomeke kwa sauti. Kwa bibi anayeelewa zaidi Kimakonde, Kimwera au Kiyao, tafuta mkalimani asiye ndugu yake. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Walio chini ya miaka 18, ukiwajumuisha, wanahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi na kukubali kwao wenyewe.

Maneno mawili yasikosekane: "Ukikataa, matibabu yako ni yale yale," na "Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu." Halafu angalia uso wake. Kijana anayemwita daktari "mzee" na kuitikia "ndiyo" kwa kila kitu bado hajaelewa; mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, utafiti huu unataka nini.

Hatua ya 7: Picha za uso na siri

Picha ya uso ina ridhaa yake peke yake, karatasi tofauti. Ule mstari mweusi juu ya macho haufichi mtu, hasa kwenye mji ambao watu wanajuana kama Lindi. Piga sehemu unayohitaji tu: meno, kidevu, kovu. Nembo za usoni, yaani chale za kimila, humtambulisha mtu na ukoo wake. Zikionekana, picha haijafichwa. Picha isipite kwenye makundi ya WhatsApp, hata ya madaktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na daftari linalounganisha majina na namba za utafiti likae kwenye kabati lenye kufuli, mbali na fomu.

Hatua ya 8: Kumrudisha mgonjwa

Tafiti nyingi za huku zinafia hapa, kwa hiyo pangilia mapema. Waya za kufunga meno hutolewa kati ya wiki ya 4 na ya 6. Funga kipimo chako kikuu na siku hiyo, atakuja kwa haja yake. Waliowekewa pleti na skrubu hawana sababu hiyo, nao ndio watakaopotea kwanza; kwao weka bajeti ya nauli. Nauli iandikwe kwenye andiko na iwe sawa na gharama halisi ya safari, isigeuke kishawishi.

Chukua namba tatu za simu: yake, ya ndugu anayekaa naye, na ya mtu asiyehama, kama mwenyekiti wa kitongoji. Zipigie zote tatu akiwa bado wodini ili ujue kama zinaita. Mpigie wiki moja kabla ya tarehe, halafu siku moja kabla. Ukipiga kwa ndugu au mwenyekiti, usitaje ugonjwa. Sema tu unamtafuta.

Barabara nayo iwe kwenye mpango. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na wasafiri walikwama. Toa nafasi ya siku 7 kabla na siku 14 baada ya tarehe, uieleze kwenye andiko. Kama mgonjwa wa Newala hawezi kushuka, tabibu wa meno wa huko aliyefundishwa fomu yako anaweza kumpima. Ukipoteza zaidi ya mmoja kati ya watano, matokeo yako yanakuwa mashaka matupu. Andika waliopotea walikuwa watu gani: umri, umbali, aina ya tiba.

Hatua ya 9: Hesabu

Tumia programu yoyote ya jedwali unayoijua vizuri. Mambo mawili yanatosha kukuepusha na aibu.

Muda wa kuchelewa usiutolee wastani. Kama watano walifika baada ya saa 3, 5, 6, 9 na 400, wastani ni saa 84.6, namba isiyomwelezea hata mmoja wao. Namba ya kati ni 6, na hiyo ndiyo ya kuandika, pamoja na ya chini na ya juu kabisa.

Asilimia iende na masafa yake ya uhakika, yaani ya chini na ya juu inayoweza kuwa kweli. Wagonjwa 18 kati ya 60 ni 30%, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya takriban 18% na 42%. Andika vyote. Na ukikuta waliochelewa wana matokeo mabaya zaidi, jiulize kama si wale wale waliovunjika vibaya zaidi na kukaa kwa muda mrefu mahali pengine wakitibiwa kichwa.

Hatua ya 10: Kuandika na kurudisha

Fuata orodha ya STROBE, yenye vipengele 22, iliyotengenezwa kwa tafiti za kuangalia bila kuingilia. Tanzania Journal of Health Research ni mahali pazuri pa kuanzia. Jarida linalokuandikia barua pepe likikuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo, liache.

Walioshiriki wana haki ya kupata matokeo kabla ya jarida lolote. Yawasilishe kwenye kikao cha kitabibu cha asubuhi, uwataje kwa majina, kwa idhini yao, wauguzi waliojaza fomu usiku. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa Mganga Mfawidhi unaosema mambo mawili ya kubadilisha: pengine rejesta iongezewe safu ya saa ya kuumia, pengine kliniki ya meno iwekewe simu ya kuwakumbusha wagonjwa. Ukurasa wa pili upeleke kwa askari wa usalama barabarani na kwa mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, ukiwa na namba ya waliovaa kofia zisizo na kinga ya kidevu. Nenda mwenyewe, saa za mchana wateja wanapopungua, na ubebe kofia zote mbili wazione na kuzishika.